Maswali ya Harusi: Pete Mnaikumbuka Wiki ya Mwisho?

Desemba inakaribia na simu yangu haipumui. Nusu ya maswali ni yale yale ya mwaka jana, hayo nimeyaruka, nimechukua machache yenye kichwa na miguu, na moja lisilo na kichwa ili wengine wajifunze.

*Shangazi, veli ni bei gani?*

Veli ipi? Ya mabegani au ya kufagia kanisa lote? Ya kukodi, mpya, au ya mtumba pale Owino, soko la Kampala? Ukishajua unataka nini muulize muuza veli, mimi siuzi.

*Tulitenga shilingi milioni tatu za Uganda za vitu vya kuvaa na mapambo. Tumenunua taji, glavu, viatu, glasi za shampeni zenye majina yetu, kisu cha keki na mto wa kubebea pete. Imebaki laki mbili, tutapata pete mbili za dhahabu? (Jinja)*

Hamtapata. Na ukikuta mtu anakuuzia zote mbili kwa hiyo laki mbili akikuapia ni dhahabu, toka dukani pole pole bila kugombana naye.

Yaani mmenunua mto wa pete kabla ya pete! Kila mwaka ni hivi hivi, kitu pekee kati ya hivyo vyote ambacho mtakuwa nacho mkiwa na wajukuu ndicho mnachokinunua mwisho, na hela ya mabaki. Glavu utazivaa saa tatu. Glasi zenye majina zitakaa kabatini mpaka mtoto azivunje. Pete utafua nayo, utapika nayo, utabishana na mumeo ukiwa nayo kidoleni.

Sasa fanyeni hivi, nunueni pete za madini ya fedha au za stili isiyoshika kutu, tena mseme wazi kwamba ni stili, si aibu, padri anabariki pete hapimi uzito wake. Ya dhahabu mtanunua mkishatulia. Siku hiyo ikifika, angalia ndani ya pete kuna muhuri mdogo wa kuonyesha usafi wa dhahabu, ambao hupimwa kwa karati: 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9, na 925 ni fedha, siyo dhahabu hata ikipakwa rangi ya njano. Ukiona herufi GP ujue imepakwa tu juu, itachuja. Lakini muhuri hata mwongo anaweza kuugonga, kwa hiyo dai risiti iliyoandikwa karati na uzito, na akikataa kuandika ameshakujibu. Wale wa kujaribu na sumaku, sumaku inakamata chuma, shaba haikamatwi na bado si dhahabu.

Jambo lingine hamkuuliza ila nawaambia: pimeni vidole jioni, kidole cha asubuhi kwenye baridi ni kidogo. Na hizi pete nyeusi za tangsteni ambazo vijana wanazipenda hazipanuliwi, ukinenepa unanunua nyingine, na kwetu baada ya harusi watu wananenepa.

*Nimeona gauni kwenye simu, zuri sana, muuzaji yuko Kampala anataka nitume nusu kwa mobile money halafu alipakie kwenye basi. Nitume? (Arua)*

Usitume. Hili swali nimelijibu mpaka vidole vinauma. Hela akishaitoa kwa ejenti hairudi, na ile picha aliyokutumia kuna wenzake wengi wanauzia hiyo hiyo. Mimi mwenyewe miaka ile nilijifanya mjanja nikaagiza viatu vya dada yangu hivyo hivyo, vikaja vyote viwili vya mguu wa kushoto, na simu haikupokelewa tena. Kama una ndugu Kampala mwambie aende akalishike, alipe akiwa amelishika. Kama huna, mwambie muuzaji akupigie video sasa hivi, alipindue gauni uone zipu na mshono wa ndani. Mwenye gauni hachelewi. Asiye nalo ataanza kusema neti inasumbua.

Tena gauni la siku moja unalinunua la nini? Kodi hapo Arua. Soma karatasi kabla ya kusaini, uliza doa la mchuzi linalipiwa ngapi na ukichelewa kurudisha siku moja wanakata nini kwenye dipoziti.

*Kwanjula yetu (sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa binti) masenga, yaani mashangazi, na wasichana ni kumi na wawili, tuwashonee gomesi, yale magauni marefu ya Kiganda, zote mpya za sare? (Mukono)*

Gomesi moja inakula kama mita sita za kitambaa, mwili mkubwa zaidi, na bado kuna kikoyi cha ndani, mshipi na fundi. Zidisha kwa kumi na wawili halafu ukae chini unywe maji. Kodini za wasichana. Kama lazima mshone, mshoneeni senga mmoja anayesimama kuongea, la kwake atalivaa msibani, kanisani na kwenye kwanjula nyingine hata miaka kumi. Kitambaa nendeni Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa Kampala, katikati ya wiki, na nendeni na mama mtu mzima anayejua kushindana bei, siyo bibi harusi mwenyewe, maana wauzaji wakiona tu ile furaha yake usoni bei inapanda.

*Tumeahidiwa hela nyingi kwenye mikutano ya harusi, tuanze kuchukua vitu kwa mkopo?*

Ahadi si hela. Nunua kwa iliyoko mkononi.

*Maua ya kweli au ya plastiki?*

Ya kweli shada moja la mkononi. Mezani weka ya kukodi, watu wanaangalia pilau.

*Natafuta piko nyeusi, ile rangi ya kuchora maua mikononi, ya bei nafuu ya bibi harusi, inayokolea haraka. (Bombo)*

Dada yangu, hapo usitafute nafuu. Hina ya kweli inatoka rangi ya machungwa kisha inakuwa kahawia, na lazima ikae mkononi masaa. Ile nyeusi tititi ya dakika chache mara nyingi imechanganywa na rangi ya nywele, inaunguza, mtu anatoka malengelenge na makovu yanafuata michoro ile ile ya maua. Paka hina siku mbili kabla, na jaribu tone moja mkononi mapema. Anayekupaka akikataa kusema amechanganya nini, inuka.

*Riboni ya gari tununue mita ngapi?*

Gari ni la nani? Kama mmeazima, muulizeni mwenyewe kwanza kama anakubali selotepu, sababu ikitoka na rangi mtalipia bodi nzima. Na namba ya gari msiizibe na maua, trafiki hajaalikwa.