"Fell through" SIYO "imepita". Mkuu, usitume hiyo barua!

Mkuu, simama hapo hapo. Usitume.

Umesema umepewa barua za biashara uzitafsiri. Umekuta "the agreement fell through" ukaandika "makubaliano yamepita", halafu "payments falling due in the fall" ukaandika "malipo yanayoanguka wakati wa anguko". Sasa unataka tukupe baraka tu kabla hujamkabidhi mteja kesho asubuhi, na njiani ukauliza tofauti ya "fall" na "drop", kamusi ipi inafaa, na ukurasa mmoja unatozwa bei gani. Bei utaijua baadaye, kama utabaki na mteja wa kumtoza.

"Fell through" maana yake dili limekufa. Limevunjika, limeota mbawa. Hakuna kilichopita. Najua ulivyofika hapo: umeona "through", ukakumbuka "go through" ambayo kweli ni kupita au kukubaliwa, ukaona mambo safi. Nilipita njia hiyo hiyo, na nililipa kwa pesa yangu.

Mteja wangu alikuwa mzee mmoja mstaarabu sana, mwenye duka la uchapaji. Alikuwa ananunua mashine ya kuchapia iliyotumika kutoka ng'ambo, ameshatuma malipo ya awali, na kazi yangu ilikuwa kumsomea barua pepe za wakala wa muuzaji. Siku moja ikaja barua ya mistari miwili: "The sale fell through on Tuesday. Please advise on the deposit." Nikaandika, kwa kujiamini kabisa: "Mauzo yamepita Jumanne. Tafadhali tuelekeze kuhusu malipo ya awali."

Ona ubaya wake. Sentensi ya pili haikunistua hata kidogo. Mauzo yamepita, wanazungumzia malipo, kuna shida gani? Kumbe walikuwa wanauliza wamrudishie pesa yake kwa njia gani! Tena barua haikuwa na "samahani" wala "tunasikitika", hakuna chochote cha kumgutusha mtu. Wazungu wakiwa na haraka wanaandika msiba kama wanaandika orodha ya sokoni.

Mzee akafurahi. Akanishika mkono, "Asante mwanangu." Akakodi ghala, kodi ya miezi mitatu mbele. Akatafuta mafundi wawili wa kufunga mtambo. Halafu, na hapa ndipo mpaka leo nikikumbuka tumbo linasokota, akauza mashine yake ya zamani kwa bei ya kutupa ili apate nafasi. Mashine iliyokuwa inafanya kazi! Iliyokuwa inamlisha!

Wiki tatu baadaye wakala akaandika tena, kwamba bado wanasubiri waambiwe watume wapi yale malipo ya awali. Nikasoma mara moja. Nikasoma mara ya pili. Nikafungua ile barua ya kwanza na jasho likaanza kunitoka mgongoni.

Nikaenda. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamwambia dili limevunjika. Akauliza limevunjika lini. Nikasema Jumanne ile. Akanitazama, akauliza taratibu, "Jumanne ile si ndiyo uliniambia limepita?"

Sikuwa na jibu. Nilimrudishia ujira wangu wote na nikalipa kodi ya ghala ya mwezi mmoja, nilichokuwa nacho ndicho hicho. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Halafu kuna mwalimu wangu wa kozi ya jioni, huyu sijamsamehe. Alikuwa akitwambia, "Mkilijua tendo mmeijua sentensi, hivi vijineno vya nyuma ni mapambo." Mapambo! "Through", "for", "behind", "out", ati mapambo. Hivyo vijineno ndivyo vilivyouza mashine ya mzee wa watu. Tuliandika msemo huo kwenye madaftari tukaupigia mstari chini. Na programu yangu ya kutafsiri kwenye simu nilipoipa neno "fell" peke yake ikanijibu "ilianguka", ikanyamaza kama haikuhusika. Sawa, sikuipa sentensi nzima. Lakini acha nigawe lawama, zangu peke yangu ni nzito.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ningefumba macho nikasikiliza sauti tu, ningepatia. "Fell"... dili limefeli. Sikio lilijua, cheti ndicho kilichoniponza.

Basi kanuni yangu ni moja. Weka kidole juu ya "fall", ulifiche. Soma nani au nini kimetajwa kabla yake, soma kijineno kilichofuata, jiulize kwa Kiswahili hapa kimetokea nini. Ukishajua, ndipo utafute tendo letu. Mara nyingi utakuta "anguka" haimo kabisa.

Jaribu. "She fell for him": amempenda. "She fell for it": ameingia mkenge. Kijineno ni kile kile, kilichobadilika ni kilichokuja baadaye. "He fell behind" amebaki nyuma, au malipo yamemlimbikia. "They fell out" wamegombana, ila askari gwarideni wakiambiwa "fall out" wanatawanyika na hakuna aliyemnunia mwenzake. "Fallout" kama neno moja ni yale mavumbi yenye mnururisho yanayoshuka baada ya bomu la nyuklia, au madhara yanayofuata jambo fulani. "Constantinople fell to the Ottomans in 1453": mji ulitekwa na Waosmani. Niliwahi kuona mtu kaandika "uliwaangukia Waosmani". Maskini Waosmani!

Mvua kwetu inanyesha, majani yanapukutika, bei inashuka au inaporomoka, usiku unaingia, usingizi unampitia mtu. Kwa Kiingereza hizo zote zinaweza kubebwa na "fall" moja. Mapenzi nayo, watu siku hizi wanaandika "nimeanguka kwenye mapenzi" mpaka nasikia maumivu ya goti. Sisi huwa tunazama. Lakini usije ukadhani "anguka" ni haramu: "Christmas falls on a Sunday" ni "Krismasi imeangukia Jumapili", safi kabisa. Kidole kwanza, hukumu baadaye.

Na kuna mtego mwingine wa hiyo "fell" yenyewe. Ni wakati uliopita wa "fall", lakini pia ni tendo linalojitegemea, kukata mti mpaka uanguke, ambalo wakati wake uliopita ni "felled". Kwa hiyo "they fell trees" siyo kwamba walianguka wala miti ilianguka yenyewe. Wanakata miti.

Turudi kwenye anguko lako (nisamehe, nimecheka, ni kicheko cha mtu mwenye deni). "Falling due" ni malipo ambayo muda wake wa kulipwa unafika. "In the fall" ni msimu, ule wa majani kupukutika. Neno limetokana na "fall of the leaf" walivyokuwa wakisema Uingereza tangu karne ya 16, lakini leo Waingereza wenyewe wanasema "autumn" na Wamarekani ndio wamebaki na "fall". Kwa hiyo aliyeandika barua yako huenda ni mtu wa Marekani au wa jirani zake Kanada, na anamaanisha takriban Septemba hadi Novemba. Usiandike "vuli" kwa sababu tu umeikuta kwenye kamusi. Msomaji atafikiria mvua, na mvua siyo tarehe ya kulipa deni.

Andika miezi. Bora zaidi, mwambie mteja amwulize aliyeandika ni tarehe ngapi hasa. Na kabla ya hapo, weka hapa aya nzima inayofuata baada ya hiyo "fell through", maana kama makubaliano yamevunjika na bado kuna malipo yanadaiwa, nataka kuona nani anamdai nani. Unakabidhi kesho saa ngapi?