Kabla ya Kuikabidhi Stoo Yako kwa Akili Mnemba

Nimesimamia manunuzi ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na tangu tulipoanza kutumia programu ya akili mnemba inayokadiria mauzo, wafanyabiashara wenzangu huniuliza kama kweli inasaidia. Inasaidia. Husoma rekodi zetu na kutuonya mapema kwamba saruji itatoka kwa shida masika yakikolea, au kwamba aina fulani ya rangi imekaa stoo kupita kiasi, na kwa hiyo mtaji uliokuwa umelala kwenye mzigo usiotoka umepungua. Ninapoulizwa kama imeifanya biashara kuwa imara zaidi, hapo ndipo jibu langu hurefuka.

Kubana matumizi na kustahimili misukosuko ni mambo mawili ambayo mara nyingine hugombana. Programu ikiona mabati ya geji 30 hayatoki, hushauri akiba ipunguzwe, na kwa mwezi wa kawaida ushauri huo ni sahihi kabisa. Mwanzoni mwa Mei 2024, baada ya miezi ya mvua kubwa, Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu na barabara ya kusini ikakatika eneo la Somanga, mkoani Lindi. Hakuna rekodi yetu ya mauzo ambayo ingeweza kuifundisha mashine maana ya tukio kama hilo. Aliyeelewa ni mtunza stoo wetu, ambaye alianza kupokea simu za mafundi wa Kilwa wakiuliza mabati na misumari kabla hata maji hayajapungua. Ndiyo maana nashauri kwamba kwa bidhaa zinazohitajika baada ya maafa, kiwango cha chini cha akiba kipangwe na watu wanaowajua wateja, na programu iachiwe kupendekeza yale yaliyo juu ya kiwango hicho.

Jumapili ya Mei 12 mwaka huohuo, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani wengine. Programu nyingi za namna hii hukaa kwenye seva za mbali, kwa hiyo mtandao ukilegea, nazo hulegea. Siku zilizofuata kompyuta ya kaunta ilikuwa ikizunguka tu, huku kijana wa mauzo akisoma bei kwenye orodha tuliyokuwa tumeichapisha, akiandika stakabadhi kwa mkono na kuingiza mikopo katika daftari la madeni. Alikwenda polepole, lakini aliuza. (Daftari hilo tulikuwa tumeshauriwa tulitupe.) Kila biashara inayotegemea mfumo wa aina hii ichague siku moja tulivu kila baada ya miezi michache na ifanye kazi bila mfumo huo tangu asubuhi hadi kufunga, hasa kwa ajili ya wafanyakazi wapya ambao hawajawahi kuagiza mzigo kwa kichwa chao.

Kuhusu kujibu wateja, mfano ninaoutaja ni wa shirika la ndege la Air Canada. Mwezi Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, nchini Kanada, liliiamuru imlipe abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi ya nauli na roboti ya mazungumzo katika tovuti yake. Hoja ya shirika kwamba roboti hiyo iliwajibika yenyewe ilikataliwa. Kwetu roboti hujibu saa za kufungua na bidhaa zilizopo, ilhali bei ya jumla na ahadi ya kupeleka mzigo huthibitishwa na mtu.

Kabla ya kusaini mkataba na mwenye programu, muulize rekodi zako utazichukuaje na kwa muundo gani iwapo atapandisha bei au atafunga, kisha dai nakala kila mwezi na uihifadhi kwako. Katika rekodi hizo yamo majina ya wadeni wako na namba zao za simu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuwajibisha wewe uliyezikusanya, hata kama zimehifadhiwa kwenye seva ya mtu mwingine.