Nimeweka milioni sita za oparesheni ya kuongeza maumbile, niende?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni kijana wa miaka 27 naishi Mbagala, naendesha bodaboda, naomba jina langu lisitoke. Shida yangu ni maumbile, nina kibamia, yaani uume mdogo. Mwaka jana niligombana na mwanamke niliyekuwa nae akanitangazia pale kijiweni mbele ya wenzangu, akanyoosha kidole chake cha mwisho akasema huyu ndo hivi, na tangu siku hiyo nikisikia watu wanacheka nahisi wananicheka mimi. Nimepaka dawa ya elfu 60, nimemeza vidonge vya elfu 80, hakuna kitu. Sasa kuna jamaa nimewapata kwenye simu wanasema wanakupeleka Uturuki unafanyiwa oparesheni unarudi umeongezeka inchi tatu. Nimeshaweka milioni sita na niko tayari kuuza pikipiki nijazie. Nimejipima ikiwa imelala ni sentimita 8. Niende?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa pikipiki usiuze, na hiyo milioni sita usimtumie mtu yeyote mpaka umalize kusoma hapa.

Umenipa kipimo cha ikiwa imelala, na hicho ndo kipimo kinachodanganya kuliko vyote, maana uume ukilala unasinyaa kwa baridi, kwa woga, kwa mawazo, hata ukitoka kuoga maji ya asubuhi utaona tofauti. Mwaka 2015 watafiti wa London walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 waliopimwa na wahudumu wa afya wenyewe, sio wale wa kujipima nyumbani wakaongezea, na wastani wao ulikuwa kama sentimita 9 ukiwa umelala na 13 ukiwa umesimama. Sasa wewe una 8 ikiwa imelala, yaani uko chini kidogo tu ya wastani na bado ni kawaida, na huenda hata hiyo 8 umejipima vibaya.

Kupima kwenyewe kuko hivi. Simama sehemu isiyo na baridi, uvute taratibu kwa mbele mpaka unyooke usiumie, weka rula kwa juu, sio kwa chini, alafu ibonyeze mpaka iguse mfupa wa kinena maana hapo juu pana mafuta yanayomeza urefu, soma mpaka mwisho wa kichwa, kama una govi usilihesabu. Urefu huo wa kuvutwa unakaribia sana urefu wa kusimama. Madaktari wengi wanaanza kuongelea tatizo la kweli la udogo kama hicho kipimo cha kuvutwa kiko chini ya sentimita 7 na nusu kwa mtu mzima, na hao ni wachache sana, wengi wao walizaliwa hivo kwa shida ya homoni. Na jambo lingine, wewe ukijiangalia unajiangalia kwa juu, ukiinamisha kichwa, na kitu ukikitazama kwa juu kinaonekana kifupi, wa mwenzako unauona kwa ubavu. Wanaume wengi sana wameumizwa na hilo tu.

Haya, tuje kwenye oparesheni, maana dalali hajakueleza inafanyikaje na akikueleza hutaenda.

Uume hauanzii pale unapouona. Sehemu kubwa imejificha ndani ya mwili, na kuna kamba ngumu inaitwa ligamenti imeushikilia kwenye mfupa wa kinena. Oparesheni ya kurefusha ni kuikata hiyo kamba, basi, hakuna nyama inayoongezwa. Ile sehemu ya ndani inateremka kidogo kuja nje, kwa hiyo ukiwa umelala unaonekana umeongezeka sentimita moja, pengine mbili. Ukisimama urefu ni ule ule. Nairudia kwa sababu ndo kitu ambacho watu wanakuja kukijua wakiwa wameshalipa: unaongezeka bafuni, kitandani huongezeki. Na ile kamba haikuwekwa pale bure, kazi yake ni kuushikilia ukisimama uelekee juu, ukishaikata unaweza ukasimama ukiwa umeangalia chini au unayumba, unatafuta pa kuingilia. Alafu ndani panaota kovu, na kovu kawaida yake linavuta, kuna watu wamerudi wakiwa wafupi kuliko walivyoenda. Ndo maana baada ya oparesheni unapewa kifaa cha kuvuta unakivaa masaa mengi kila siku kwa miezi, hilo nalo dalali hasemi.

Kunenepesha ndo kuna vituko zaidi. Wanakunyonya mafuta tumboni wanayachoma chini ya ngozi ya uume, na mwili unayala, mengine yanaisha mengine yanabaki kwa mafungu, unapata kitu chenye mabonge upande mmoja. Na hii sio ya kuchezea, kuna kijana wa miaka 30, mzima kabisa, alifanyiwa kurefusha na kunenepesha kwa mafuta yake mwenyewe kule Stockholm, Sweden, mafuta yakaingia kwenye mishipa ya damu yakafika mapafuni akafariki, kisa chake madaktari walikiandika mwaka 2017. Alikuwa haumwi kitu. Wengine wanaweka kipandikizi cha silikoni chini ya ngozi, hicho kikiingia wadudu lazima kitolewe, na kikitolewa kovu linabaki na uume unaweza kupinda au kufupika. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani tangu mwaka 1994 kilishasema kuchoma mafuta na kukata ile kamba havijathibitika kuwa salama wala kufanya kazi. Na wale sio watu wa kuogopa kisu, kisu ndo kazi yao.

Sasa jiulize wewe kama wewe. Unaendesha bodaboda. Kidonda kiko hapo hapo juu ya siti, barabara ya Mbagala unaijua mashimo yake, utakaa wiki sita bila kupanda pikipiki na bila tendo la ndoa, nani anakuletea hela ya siku? Na siku ya tisa kidonda kikifumuka kikatoa usaha, aliyekukata yuko Uturuki na dalali kakublock, utaenda hospitali ya hapa kwa daktari ambae hajui ulifanyiwa nini kwa sababu hata karatasi hujapewa. Mtu yeyote anayekupa bei kabla hajakuona, hajakupima, hajakuuliza kama una kisukari au unavuta sigara, huyo anauza tiketi.

Kuna kitu nataka nikuonye kabla hata hujakifikiria, maana mtu akikosa hela ya Uturuki ndo anakimbilia huko. Miaka ya nyuma nikiwa kliniki aliingia mwanaume wa makamo, amevaa kanzu ingawa sio Ijumaa, akakataa kukaa kwenye kiti. Alikuwa amechomwa sindano ya mafuta ya kupaka na mtu wa mtaani. Alipofunua, ngozi yote ilikuwa ngumu kama gome, imevimba, ina matundu mawili yanatoa majimaji, ngozi haiwezi kurudi nyuma wala uume hauwezi kusimama sawasawa. Mafuta ya aina ile mwili hauwezi kuyatoa, unayazungushia kovu, na yanatembea. Alichunwa ngozi yote ile, akapandikizwa nyingine kutoka pajani. Aliniambia kilichomuuma zaidi ni kwamba mwanzo alikuwa hana shida yoyote. Vaselini, silikoni ya maji, mafuta ya nazi, chochote kile, usikubali sindano.

Na vile vidonge vya elfu 80, kama bado vipo tupa. Mamlaka ya dawa ya Marekani kila mara inakamata vidonge vinavyoitwa vya asili vya wanaume vikiwa vimechanganywa kimya kimya na dawa ya kusimamisha, sildenafili, ndo maana mtu anahisi "vimefanya kazi" siku moja. Haviongezi urefu hata milimita, na kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitreti vinaweza kushusha presha mpaka akafa.

Oparesheni zipo za haki, sitaki nikudanganye. Mtu ambae uume umepinda mpaka hawezi kuingiza, aliyezaliwa tundu la mkojo likiwa chini, aliyepata ajali au saratani, huyo aende na asione aibu, hospitali ya Muhimbili na ile ya KCMC kule Moshi kuna madaktari wa mfumo wa mkojo. Na wewe nakuomba uende huko huko, ukapimwe na mtu mwenye rula ambae hana cha kukuuzia. Mwambie daktari hivi: nina wasiwasi na maumbile yangu naomba unipime. Inatosha, amesikia hayo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nasimama pale kwenye kidole. Yule dada alikuwa na hasira akatafuta neno la kukuumiza, akalipata, kwa sababu mjini hili neno kibamia limekuwa la kuokotwa tu kila mtu analo mdomoni. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watu zaidi ya 52,000 waliojibu kwa intaneti, wanawake 85 katika kila 100 walisema wanaridhika na maumbile ya wenza wao, lakini wanaume walioridhika na ya kwao walikuwa 55 tu. Na ukeni penye hisia nyingi ni karibu na mlangoni na kinembe kiko nje kabisa, huko hakuhitaji inchi tatu za Uturuki. Kama usingizi umepotea, kama umeacha kwenda kijiweni, kama unakataa wanawake kwa kuogopa kuchekwa, hilo nalo ni ugonjwa na lina watu wake, mweleze daktari huyo huyo akuunganishe na mtaalamu wa saikolojia. Niandikie ukishapimwa, nataka kujua.

SWALI: Dokta, zile pampu na vifaa vya kuvuta vinafanya kazi? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Pampu inavuta damu, uume unavimba kwa muda alafu unarudi ulivyokuwa. Inawasaidia wenye shida ya kusimama, tena ile pete yake isikae zaidi ya nusu saa. Kifaa cha kuvuta kinaweza kuongeza sentimita moja hivi, kwa kukivaa masaa kadhaa kila siku kwa miezi, wengi wanachoka wanaacha. Ukiona ganzi au rangi inabadilika, toa hapo hapo.

SWALI: Dokta naomba msaada, mwanangu ana miaka 9 ni mnene, uume wake umezama hauonekani kabisa, baba yake anasema tumtahiri utatokeza. Mama, Morogoro.

JIBU: Mama yangu, bora umeuliza kabla. Kwa watoto wanene mara nyingi uume ni wa kawaida, umefunikwa na mafuta ya kinena. Ukimbonyeza taratibu pembeni utauona unatokeza. Akipungua uzito kwa kucheza na kupunguziwa soda na chipsi utaanza kuonekana wenyewe. Ila kumtahiri sasa hivi hapana, ngozi ile ikikatwa wakati uume umezama unaweza kunasa ndani ya kovu, na hapo ndo inakuja oparesheni ya kweli. Mpeleke kwanza aonwe na daktari wa watoto au wa upasuaji, aangalie na kokwa kama zote mbili zimeshuka, kama ni shida ya homoni inatibika vizuri zaidi akiwa mdogo. Na baba yake aende nae, asikie mwenyewe.