Chupa fungeni, ila midomo ndo muifunge zaidi

Nikisema kuonja waini kwa kificho watu wanadhani mnafungana vitambaa machoni. Hapana jamani, inayofungwa ni chupa. Mnakaa mezani, chupa zimevalishwa na zina namba, mnaonja, mnaandika maksi, mwisho ndo zinavuliwa mnaona kumbe namba 4 ilikuwa nini, halafu mnakula. Kikundi chetu hapa Dar tunafanya kwa zamu majumbani kwetu, watu wa kawaida tu tunaopenda waini, hamna mtaalamu mwenye cheti hata mmoja. Na kila anayetaka kuandaa ya kwake swali la kwanza ananiuliza chupa azifunge na nini, wakati hilo ndo jepesi kuliko yote, shughuli yenyewe iko kwa watu.

Nikupe mfano. Kuna siku tuliletewa nyekundu za Afrika Kusini, na katikati mwenye nyumba kachomeka moja ya Dodoma kimya kimya. Dada mmoja kwenye kikundi ni Mgogo, kakulia huko huko kwenye mashamba ya zabibu, akanusa namba 3 hata hajaonja, akapiga meza: "Hii ya nyumbani! Hii Makutupora!" Basi. Kaka niliyekaa naye alikuwa ameshaandika 5, nikamwona kabisa anaikata anaandika 8, peni imekwaruza mpaka karatasi inataka kutoboka. Upande wa pili mwingine yeye ndo anashusha ya kwake, maana waini ya Dodoma anayoijua yeye ni ile tamu ya kunywea na barafu, kwa hiyo akishasikia Dodoma ameshamaliza kuonja. Waini ni ileile kwenye glasi ileile, kilichobadilika ni sauti ya mtu mmoja tu.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza, na ukishindwa nyingine zote shika hii, hakuna kuongea mpaka karatasi zikusanywe. Na kuongea ni pamoja na kuguna, kukunja uso, "mmh!", kumkonyeza shoga yako, na kuiweka glasi chini kwa dharau. Mpe kila mtu karatasi yake na peni, sio simu, simu mtu anafuta hakuna anayeona na ukigeuka kashaingia mtandaoni. Hata wakubwa wa kazi hii karatasi inawaumbua. Mwaka 1976 kule Paris yule Mwingereza muuza waini, Steven Spurrier, aliwaita majaji wa Kifaransa waonje za kwao na za California bila kuona lebo, California ikashinda kwenye nyeupe na kwenye nyekundu, na jaji mmoja, Odette Kahn, akataka arudishiwe karatasi zake za maksi. Hakurudishiwa. Ingekuwa ni maneno tu ya mdomo si angeshayageuza.

Sasa mkishakusanya karatasi mnaanza kujadili, na hapa kuna mtego wa malezi yetu wenyewe. Sisi tumelelewa mkubwa ndo anaanza kusema, na akishasema mkubwa nani atanyanyua mdomo kubisha. Kila kikundi kina mmoja kama huyo, kasafiri, ana friji maalumu la waini nyumbani, akisema "hii imekaa vizuri sana" meza nzima inatikisa kichwa. Geuzeni mpangilio, aanze mgeni kabisa, yule aliyeletwa na mwenzie, na fundi wenu aongee mwisho. Atanuna kidogo mara ya kwanza, atazoea.

Na mgeni asijione mshamba kwa sababu hajui maneno. Hayo matunda ya blackberry ya kwenye maelezo ya nyuma ya chupa wengi wetu hatujawahi hata kuyashika, sasa kwa nini uyanuse? Sema unachokijua, sema zambarau, ukwaju, bungo, karafuu, embe bichi. Ile hali ya nyekundu kukukausha ulimi na ufizi inaletwa na kitu kinaitwa tanini, na aliyewahi kula bibo lisiloiva vizuri hahitaji darasa, anaijua tayari.

Tukirudi kwenye chupa, sisi tunatumia soksi ndefu za shule, Kariakoo zimejaa na chupa inaingia mpaka shingoni. Ila soksi haifichi umbo. Chupa yenye mabega ni ya mtindo wa Bordeaux, yenye mteremko ni ya mtindo wa Burgundy, yote maeneo ya waini Ufaransa, na yenye kifuniko cha kusokota mtu anaisikia tu ikifunguliwa anajua haina kizibo. Dawa yake ni kumimina kwenye majagi yanayofanana jikoni kabla watu hawajafika mezani, chupa zenyewe zibaki huko huko. Tena apatikane mtu asiyekunywa wa kusimamia hilo, sisi tuna shemeji yetu, pombe hagusi lakini hakosi hata siku moja maana anasema burudani ni sisi. Yeye anazifungua, mwingine ambaye hajaona anaweka namba kwenye majagi, hivyo hata mwenye nyumba anacheza kama wengine.

Halafu udi. Najua mgeni akija nyumba inafukizwa, ni heshima, lakini siku hiyo udi hapana, marashi makali hapana, na dawa ya mbu ipulizwe mchana madirisha wazi, maana pua ikishajaa hizo harufu hata ulete chupa ya laki tano utaambulia udi tu.

Joto nalo tuliseme. Vitabu vinasema nyekundu inywewe kwenye joto la chumba, hicho ni chumba cha Ulaya chenye nyuzi 16 mpaka 18, sio sebule ya Mbezi mwezi wa pili nyuzi 32, hapo pombe inakupanda puani kabla ya kitu kingine. Nyekundu iingie friji kama nusu saa, nyeupe ikae masaa kadhaa. Umeme ukikata, ndoo ya barafu na maji na konzi ya chumvi, inapoza haraka kuliko barafu tupu.

Chakula kizito kije baada ya maksi. Wakati wa kuonja ni mkate mtupu na maji, na bakuli la kutemea liwepo hata kama litatumiwa na wawili. Pilipili kabla ya kuonja ni kujiharibia, inaifanya nyekundu iwe chungu na pombe iwake. Baadaye sasa mwaga kuku wa kupaka, samaki, wali wa nazi, hapo nyeupe ya zabibu za Chenin Blanc iliyopoa inanyooka vizuri sana na tui.

Kuhusu kiasi watu wanaogopa bure. Chupa ni mililita 750, kila mtu mmiminie 50, mkiwa 8 mmetumia 400 na zinabaki 350 za kunywea na chakula. Chupa 6 zinatosha kabisa, zaidi ya hapo ulimi umechoka na mnadanganyana. Ila wekeni kima cha juu cha bei na kima cha chini pia, maana kuna watu wataleta ya bei rahisi kuliko zote kusudi wawaaibishe wenzao, na mkishaanza kuwindana hivyo hakuna anayeandika maksi za kweli tena, kila mtu anabahatisha mtego uko wapi.

Magari yabaki nyumbani. Liandike hilo kwenye mwaliko wenyewe, usisubiri saa tano usiku mtu ameshashika funguo na anakuapia kwamba yuko fiti.