Sauti inauacha mdomo dakika ya 40: kosa ni la simu, kinasa au kompyuta?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napiga na kuhariri video za harusi hapa Morogoro. Kwenye send-off ya juzi nilitumia simu mbili: moja mbele ya jukwaa penye taa, nyingine nyuma ya ukumbi ikimfuata MC anapozunguka mezani. Sauti ya MC niliichukua kwenye mikisa kwa kinasa kidogo. Vyote viliachwa virekodi mfululizo. Nikivipanga kwenye DaVinci Resolve ya bure, mwanzo vinaenda sawa, ila kufikia dakika ya 40 simu ya nyuma mdomo na sauti vimeachana kwa zaidi ya sekunde mbili. Ya mbele ina nafuu. Cha ajabu, faili lilelile nikilifungua kwenye VLC, programu ya kutazama video, halina kasoro. Halafu laptopu yangu (RAM ya GB 8) inakwama kila nikirudisha nyuma kidogo. Watu wananiambia ninunue mashine mpya. Je, ni kweli? Na muziki na milio ya bure naipata wapi bila kugombana na YouTube?

JIBU: Mashine mpya isubiri kwanza, dada yangu. Unaweza kutumia milioni kadhaa na mdomo ukaendelea kuachana na sauti vilevile, kwa sababu hayo ni matatizo mawili yasiyohusiana.

Ulichosema kuhusu VLC ndicho kilichonipa jibu. Simu hairekodi fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, kwa mwendo ulio sawa. Ukumbi ukiwa na giza, simu nyingi hupunguza fremu zenyewe ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha; simu ikipata joto pia huanza kurukaruka. Kwa hiyo ndani ya faili moja sekunde hii ina fremu 30, ile ina 24, nyingine 28. Kila fremu imeandikiwa saa yake ya kuonekana, na VLC inaifuata saa hiyo, ndiyo maana unaona mambo safi. Programu ya kuhariri inataka fremu zenye nafasi sawa. Nyingine hujitahidi kuzipanga, lakini ikitokea zimesomwa kana kwamba zote ni 30 kwa sekunde, picha inaanza kukimbia huku sauti ikibaki na mwendo wake. Simu yako ya mbele ilikuwa kwenye taa, ikawa na sababu chache za kubadilisha mwendo. Ya nyuma ilikuwa gizani.

Hata tofauti ndogo inauma. Fremu 29.97 zikichezwa kama 30 ni kosa la asilimia 0.1 tu, lakini kwa saa nzima ni sekunde 3.6, na kwa dakika 40 ni sekunde 2.4. Linganisha na hizo sekunde mbili na kitu ulizoziona.

Usikubali maneno yangu bila kupima. Zima sauti ya kinasa kwenye taimulaini, washa ile iliyorekodiwa na simu ya nyuma yenyewe, kisha nenda dakika ya 40. Ikiwa hata sauti ya simu hiyo imeachana na mdomo, kosa ni mwendo wa fremu. Ikiwa sauti ya simu iko mdomoni na ya kinasa peke yake ndiyo imepotea, basi ni saa ya kinasa: kila kifaa kina saa yake ndani, na vifaa viwili vya bei nafuu havihesabu sekunde sawasawa. Tofauti ya namna hiyo huongezeka polepole kwa kiwango kilekile, nayo huwa ndogo, mara nyingi fremu kadhaa tu kwa saa. Ikiongezeka, ikapungua, kisha ikaongezeka tena, rudi kwenye simu. Na ikiwa kosa ni lilelile tangu mwanzo hadi mwisho, hapo ulikosea kupanga tu. Sogeza klipu, kazi imeisha.

Ushahidi wa pili utaupata kwa MediaInfo, programu ndogo ya bure. Fungua faili la simu, angalia kwenye sehemu ya video mstari wa Frame rate mode. Ukikuta Variable (mwendo unaobadilika), umemkamata mwizi. Hapo chini huwa kuna kiwango cha chini na cha juu kabisa, na ukilinganisha faili za simu zako mbili utaelewa haraka kwa nini moja imekutesa zaidi.

Dawa ni kulisawazisha faili kabla halijaingia kwenye programu ya kuhariri. HandBrake ni ya bure na inatosha. Weka faili, nenda kwenye Video, chagua fremu 30, kisha weka alama kwenye Constant Framerate (mwendo usiobadilika). Hapo ndipo wengi wanapopita haraka wakaacha Peak Framerate au Same as source, halafu wanalalamika haikusaidia. Ubora weka RF 18. Namba ikishuka ubora unapanda na faili linanenepa. Sauti iwe 48 kHz. Kama una klipu nyingi na huogopi kuandika amri, FFmpeg inafanya kazi hiyohiyo kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i nyuma.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -ar 48000 nyuma_sawa.mp4

Fanya hivyo kwa simu zote mbili, hata ile yenye nafuu. Faili za asili usizifute mpaka mteja amepokea kazi na amemaliza kulipa. Kisha fungua mradi mpya kwenye Resolve na uweke fremu 30 kabla hujaingiza chochote, kwa sababu ukishaingiza klipu programu inaifunga namba hiyo na hutaweza kuibadilisha.

Kinasa kikibaki na tofauti ya fremu chache baada ya hapo, usihangaike kuivuta sauti yote. Ikate watu wanapopiga makofi au vigelegele, ipange upya kwa kipande kinachofuata. Hakuna atakayesikia.

Sasa kukwama. Faili za simu ni H.264 au H.265, njia za kubana video ichukue nafasi ndogo, na humo fremu nyingi si picha kamili. Zimehifadhi mabadiliko tu tangu fremu iliyotangulia. Kwenda mbele ni rahisi. Ukirudi nyuma hatua moja, kompyuta inalazimika kutafuta picha kamili ya karibu, ianze kujenga upya kutoka hapo. Ni kama kuulizwa ubeti wa nne wa wimbo ukalazimika kuanza kuuimba tangu wa kwanza. Dawa ni proksi: nakala nyepesi unazohariria, huku faili zenye ubora zikisubiri siku ya kutoa kazi. Kwenye Media Pool, sehemu ya Resolve zinapokaa klipu ulizoingiza, chagua klipu zote, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, kisha Generate Proxy Media. Kwenye mipangilio ya mradi chagua nusu ya ukubwa na kodeki (njia ya kuhifadhi video) ya DNxHR LB. Andaa diski: kwa video ya 1080 yenye fremu 30, DNxHR LB ya ukubwa kamili hula takriban GB 20 kwa saa, na nusu ya ukubwa hula pungufu sana. Iache itengeneze usiku. Ila sawazisha kwanza, proksi baadaye; ukigeuza mpangilio utakuwa umetengeneza nakala za tatizo lilelile.

RAM ya GB 8 ni ndogo kwa Resolve, sikufichi. Siku ukipata pesa, kama laptopu yako inakubali, ongeza RAM kabla ya kufikiria mashine nzima.

Kwa harusi ijayo, rekodi kwa Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure kwa iPhone na kwa simu kadhaa za Android. Funga fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa za ukumbi hazitapepesa kwenye picha kama zinavyofanya ukipiga 30. Na mradi nao uwe wa 25. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya simu zote na kinasa, mwishoni piga jingine. Makofi hayo mawili yatakuonyesha tofauti bila kubahatisha.

Kuhusu milio, nenda kwenye tovuti ya Freesound, lakini soma leseni ya kila faili. CC0 tumia utakavyo. Attribution unataja jina la aliyerekodi. NonCommercial achana nayo, kwa sababu harusi ya kulipwa ni biashara. Muziki uko kwenye Audio Library ya YouTube. Nyimbo za Bongo Fleva zilizopigwa na DJ ukumbini ni kesi nyingine: Content ID, mfumo wa YouTube wa kunasa kazi zenye hakimiliki, huzitambua hata zikiwa na kelele za wageni juu yake, na kulipia programu ya kusikiliza muziki hakukupi haki ya kuziweka kwenye video. Watolee maharusi nakala mbili, ya familia yenye nyimbo zote, na ya kupandisha mtandaoni yenye muziki wenye ruhusa. Hiyo ya pili iandike kabisa kwenye bei yako.