Farasi hana jeuri, wewe ndo huachii

Maswali ya wiki hii karibu yote yanaanza na "farasi wangu mkaidi". Hilo neno limenichosha kweli.

Nikimvuta kamba aje mbele, yeye anavuta nyuma mpaka anakaribia kukaa chini. Nifanyeje?

Hili nimeshalijibu sana jamani. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, ukimbana kichwa asione pa kutokea mwili unapambana kabla hata hajawaza. Na presha yenyewe ya kamba haimfundishi kitu, anachojifunza ni pale unapoiachia. Kwa hiyo vuta kidogo tu, subiri, akiegemea mbele hata kama mguu haujanyanyuka legeza palepale. Akirudi nyuma usiongeze nguvu, mfuate na uzito uleule mpaka alegee mwenyewe, maana ukimwachia katikati ya kuvuta ndo umemfundisha kuvuta. Na wale wanaomfunga kwenye nguzo "apambane mpaka achoke" waache leo, shingo zinaumia hivyohivyo.

Hasimami nikivuta hatamu, ninunue lijamu kali zaidi?

Usinunue. Lijamu ni kile chuma cha mdomoni, kinalalia ufizi usio na meno, ngozi nyembamba juu ya mfupa. Akiumia atakimbia zaidi.

Miaka miwili alikuwa mpole, sasa nikikaza mkanda wa tandiko anataka kuniuma. Nimchape?

Kwa nini kuchapa kunakuja kabla ya daktari wa mifugo? Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote hata akiwa hajala, ukimwacha na njaa masaa mengi halafu ukampeleka kazini vidonda vya tumbo haviko mbali. Angalia na tandiko, mgongo unabadilika akinenepa au akikonda, lililomkaa vizuri mwaka juzi linaweza kuwa linambana sahivi. Mkague na meno. Mimi nilimsumbua jike mmoja wiki mbili nzima kisa anatupa kichwa, kumbe gego limechongoka linamchana shavu kwa ndani, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Anajuaje nina hasira na sijamgusa?

Anausoma mwili wako. Kulikuwa na farasi Ujerumani, Hans, watu wakaamini anajua hesabu, mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba alikuwa anasoma vitu vidogo mno kwenye miili ya wanaomuuliza, vitu ambavyo wenyewe hawakujua wanavifanya. Sasa wewe umekaza mabega na umebana pumzi unadhani haoni? Ukiwa na hasira siku hiyo mpe majani uende zako.

Nimemkomalia mwezi mzima, sasa katulia, hata mjeledi haushtukii. Nimefaulu?

Mwangalie masikio. Kama hayachezi, macho yapo tu, umemsogelea hageuki, huyo hajatulia, kakata tamaa. Mjeledi weka chini, mpe siku kadhaa malishoni na wenzake, ukirudi anza na kamba iliyolegea.