Kabureta inasingiziwa: majibu kwa wenye pikipiki za zamani

Baridi ya Juni na Julai ikishuka Nyanda za Juu Kusini, wasomaji huniuliza jambo lile lile: asubuhi pikipiki haiwaki, na fundi keshafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nimechagua maswali machache. Mengi yanahusu Honda CG125 na zile za Kichina zilizonakiliwa kutoka kwake.

Shikamoo fundi. CG125 yangu niko nayo Njombe. Asubuhi napiga kiki mpaka mguu unachoka, ila ikishapata moto inawaka kwa kiki moja mchana kutwa. Kabureta imesafishwa mara tatu. Nifanyeje?

Marahaba. Kabureta iacheni. Jeti ndogo (kipande chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta) ikiziba, pikipiki haitulii silensa, yaani kuunguruma bila resi, hata injini ikishapata moto, na wewe hilo hujalilalamikia.

Anza na valvu. Kwenye CG125 valvu husukumwa na vijiti virefu vinavyotoka chini. Injini ikipata moto, silinda ya alumini hutanuka kuliko vijiti hivyo, na nafasi ya valvu (uwazi kati ya valvu na kinachoisukuma) huongezeka. Kwa hiyo valvu iliyobanwa kupita kiasi inasumbua zaidi kwenye baridi: haifungi sawasawa, kompresheni inavuja, na kiki unaiona inashuka kirahisi mno. Moto ukipanda inafunga, nawe unadhani kabureta imepona. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Ipimwe kwa geji injini ikiwa imelala usiku kucha, pistoni iko juu kabisa mwisho wa kompresheni, alama ya T kwenye sumaku imelingana. Mafundi wengi wanaseti kwa sikio, wanakaza mpaka mlio unaisha, na mteja anaondoka ameridhika. Valvu inayogonga kidogo bado inafunga. Iliyonyamaza kabisa huenda inaungua, na siku ikitoboka utanunua valvu na kulipia kazi ya kufungua hedi.

Valvu zikiwa sawa, tazama unavyowasha. Petroli ikiwa ya baridi haigeuki mvuke kirahisi, ndiyo maana ukawekewa choki: inabana njia ya hewa ili mvuto wa injini unyonye mafuta zaidi. Ukifungua resi huku unapiga kiki, mvuto huo unaupoteza. Funga choki yote, resi usiiguse, piga kiki mbili tatu za polepole swichi ikiwa imezimwa, kisha washa swichi upige moja ya nguvu. Kuzungusha resi kabla ya kuwasha hakusaidii kitu, kabureta hiyo haina pampu.

Fundi aliing'oa choki, akasema haina kazi. Ni kweli?

Ukiwa Dar es Salaam unaweza usiikumbuke. Ukiwa Njombe, irudishe.

Nimeileta pikipiki kutoka Dar mpaka Makete. Inatoa moshi mweusi, plagi nyeusi, inakula mafuta. Nimeshauriwa nipanue jeti ipate nguvu. Nipanue?

Hapana, na aliyekushauri asiiguse tena. Huko uko juu ya mita 2,000, na hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kabureta iliyosetiwa Dar inamwaga mafuta mengi kwa hewa hiyo kidogo, ndiyo maana plagi ina masizi. Unahitaji mafuta yapungue. Kwanza safisha ea klina (chujio la hewa). Halafu fungua kifuniko cha juu cha kabureta, toa sindano, na kile kipini kidogo kinachoishika kisogeze mkato mmoja kwenda juu ili sindano ishuke. Endesha siku mbili, toa plagi uitazame tena. Ikiwa ya kahawia, umefika. Ikiwa nyeupe umezidisha, rudisha, kwani injini inayokosa mafuta hupata joto kali na pistoni huweza kutoboka.

Na hapa naomba nisikilizwe na mafundi pia. Jeti ndogo tundu lake halifiki hata nusu milimita. Nimeona watu wakilisokomeza kwa uzi wa waya wa breki, wakivuta na kurudisha, halafu wanainua jeti juani na kusema sasa mwanga unapita vizuri. Unapita kwa sababu tundu limeliwa. Jeti ni ya shaba, waya ule ni chuma. Kuanzia hapo pikipiki haitasetika mpaka jeti inunuliwe mpya. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha pulizia upepo wa kompresa. Basi.

Pikipiki yangu haiwaki. Tatizo nini?

Swali hili linakuja kila mara, halina aina ya pikipiki wala dalili. Kabla ya kuniandikia, piga kiki kadhaa, toa plagi uitazame. Imelowa? Mafuta yanafika, tafuta moto wa cheche: plagi, kofia yake, koili. Ni kavu? Mafuta hayafiki: koki ya tangi, chujio, kabureta. Waliojaza petroli ya chupa za kando ya barabara waanze kwa kufungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na kukinga mafuta kwenye chombo cha kioo. Kuchakachua petroli kwa mafuta ya taa kulikosa faida kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa 2011, lakini maji na vumbi kwenye chupa havihitaji kodi ili viingie. Maji hukaa chini, utayaona.

Silensa inapanda na kushuka yenyewe, nikikaza skrubu inazima.

Inavuta hewa ya wizi. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka au gasketi imekufa. Badilisha, usipake gundi: ile hulainishwa na petroli na vipande vyake huishia ndani.

DT125 yangu ina dalili hiyo hiyo.

Hiyo ni Yamaha ya two-stroke, inayochoma oili pamoja na petroli. Ukimaliza kukagua mpira, kagua sili za krenki, nazo zikichakaa huingiza hewa ya wizi.

Huku Makete tunaweka jiko la mkaa chini ya injini kabla ya kuwasha. Lina madhara?

Acheni leo. Kabureta ikivuja tone moja, moto unapanda hadi tangi. Na wale mnaolaza pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi, isukumeni nje ndipo muiwashe. Moshi wa eksozi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na watoto wamelala chumba cha pili.

Oili imeongezeka na inanuka petroli. Niendelee kuendesha?

Usiiwashe hata mara moja. Pini ya floti (boya la ndani ya kabureta) haifungi, na mafuta yanashuka kwenye injini usiku kucha kwa sababu koki huifungi. Oili hiyo imekuwa nyepesi, italiza bearingi. Badilisha pini, mwaga oili yote, weka mpya, na kuanzia usiku huu funga koki kila unapoegesha.